Shimo la Thelathini na Moja

Ndugu wa Qikiqtaujaq, na ninyi mliofika na ndege ya jana, asanteni kwa kuja kumsindikiza mtu huyu. Leo ni Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, na upepo umetuhurumia.

Jina la marehemu limechapwa kwenye jalada la kijitabu cha ibada kwa herufi kubwa kwa sababu mashine ya mchungaji haina adabu. Mimi bado sitalitamka. Desturi yetu mnaijua: jina la aliyekufa halitajwi mpaka apatikane mtoto wa kulipokea, maana jina lisilo na mwili likiitwa linageuka, halimwoni mtu, na linasikia baridi. Kwa hiyo nitasema "marehemu". Mjane wake, Ilisapi, hajalala tangu Jumanne, wala si kwa sababu ya kifo, kwani kifo alikiona kikija toka mbali kama sleji ya mbwa juu ya barafu tupu. Kilichomkosesha usingizi ni jina. Alilitembeza hapa kijijini na hakuna aliyelitaka. Nitafika huko.

Wengine wameuliza kwa nini nisome mimi na si mtoto wake. Mimi ni mtoto wa shangazi yake, yaani mtani wake. Kazi ya mtani ni kumdharau mwenzake mbele za watu maisha yake yote, na kazi hiyo nimeifanya kwa uaminifu kuliko yeye alivyofanya ya kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 1 Januari 1948. Ndivyo karatasi zinavyosema. Karatasi zinasema pia kwamba nusu ya wazee walioketi humu walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu polisi aliyepita kambini na daftari alichoka kuuliza, akatuzaa wote siku moja. Ukweli ni kwamba alizaliwa kambi ya Nuvukjuaq, wakati sili wamepanda juu ya barafu wakiota jua, kwa hiyo ni Mei, au Juni ikiwa mwaka ule ulichelewa. Mama yake alikuwa Ulaajuk na baba yake Ittusaq. Alikuwa mtoto mzito asiyelia. Shangazi zake, mmoja wao mama yangu, walimwangalia siku tatu wakakubaliana kwamba huenda ni mjinga. Hawakukosea sana.

Septemba 1959 ndege ilimchukua kwenda shule ya bweni huko kusini. Mimi sikwenda, nilikuwa nimejificha chini ya ngozi kwenye sleji ya baba, nikakaa humo mpaka nikasikia injini inafifia. Yeye alikuwa amesimama ufukweni akihesabu madirisha ya ndege, wakamwokota. Alikaa miaka mitatu. Walimfundisha hesabu za ng'ombe: mtu ana ng'ombe kumi na wawili, akiuza watano wanabaki wangapi. Mpaka amekufa hajamwona ng'ombe ila kwenye kopo la maziwa. Lakini namba zilimwingia kichwani zikakataa kutoka. Alirudi anahesabu hatua, anahesabu mbwa, anahesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mwenzake. Ukila naye ulikuwa unashiba kwa haraka ili umkomoe.

Tarehe 5 Agosti 1970 alifunga ndoa na Ilisapi Panikpak katika kanisa hili, enzi hizo likiwa bado kibanda cha mbao kinachovuja. Uchumba wake nausimulia kwa ruhusa ya mjane. Wasichana wengine waliimbiwa, waliletewa ngozi ya mbweha mweupe. Huyu alisimama mlangoni kwa kina Ilisapi, akatoa kofia, akasema, "Nimeangalia karatasi. Mimi na wewe tumezaliwa siku moja." Ilisapi akamjibu, "Hata mbwa wetu kazaliwa siku hiyo, nenda ukamwoe." Alikwenda. Akarudi kesho yake. Walijaliwa watoto watatu, Ulaajuk, Tiivi na Saila, na katika miaka hamsini na tatu Ilisapi anasema hakumpiga zaidi ya mara mbili.

Sasa kazi. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ni kazi ambayo sikuwahi kuielewa, na nilipoielewa nikaidharau zaidi.

Aprili 1984 walikuja watu wa chuo fulani cha kusini, makoti mekundu, ndevu zimeganda, wakitaka mtu anayejua barafu na anayejua kuandika namba. Tulikuwa tunajua barafu sisi sote. Wa namba alikuwa mmoja. Walimweleza kwamba kuna setilaiti, jicho linalopita juu kuliko ndege, na hilo jicho litapima barafu ya bahari yote, toka hapa hadi upande wa pili wa dunia. Vizuri. Ila jicho lenyewe haliwezi kuona unene wa barafu. Linaona ile sehemu ndogo inayochungulia juu ya maji, na kwa hiyo ndogo wanakisia iliyozama. Ni sawa na kuona kofia ya mtu inapita dirishani ukataja uzito wa tumbo lake. Theluji ikianguka juu ya barafu, kofia inarefuka, nao wanatangaza kwamba tumbo limeongezeka. Kwa hiyo jicho linahitaji mtu huku chini, mwenye keekee na futi kamba, wa kulitobolea barafu na kuliambia kama limeongopa. Mtu huyo alikuwa marehemu, kwa miaka thelathini na miwili.

Kila masika, jua likisharudi, alitoboa mashimo arobaini, kwa mstari ulionyooka, kutoka ufukwe wetu kuvuka mlango wa bahari hadi kisiwa cha Siuraq. Watu wote duniani wanaotoboa barafu wanatafuta chakula. Huyu alitoboa, akatumbukiza futi yake, akaandika, akahama. Nimeona kwa macho yangu sili anatoa pua kwenye shimo lake na yeye anamsubiri aondoke ili apime. Jioni nilikuwa namkuta anafungua mizigo.

"Mtani, umepata nini leo?"

"Sentimita mia na kumi na mbili."

"Zinaliwa mbichi au tuzichemshe?"

"Wewe endelea kutangatanga tu. Siku utakayozama utatamani ungeziuliza."

"Nikizama nitakuwa nimefika chini kabla ya namba zako."

Mkuu wao miaka hiyo ya mwisho aliitwa Dakta Fenwick. Alikuja masika kumi na mawili, na kila masika aliniuliza swali lilelile, barafu imebadilikaje. Nilimjibu kila mara, kwa sababu mama yangu alinilea. Aliandika yote, akafunga daftari kwa mpira, na nadhani mpira ule haujafunguliwa mpaka leo. Walitoa vitabu vyenye picha nzuri za rangi. Jina la marehemu lilikuwa ukurasa wa mwisho, chini, kwa herufi za ukubwa wa chawa, na mbili kati ya herufi hizo zimekosewa. Yeye alikikata kile kipande akakibandika jikoni kwake kana kwamba ni picha ya bintiye. Nilimwambia, "Wamekuandika kama wanavyoandika kiwanda kilichotengeneza kopo." Akasema, "Lakini wameandika."

Nafika kwenye lile mnalolisubiri. Ilisapi amesema liandikwe, na lisilainishwe.

Katika mstari ule wa mashimo arobaini, la thelathini na moja linaangukia pale ambapo mkondo unapita chini na kuilamba barafu kwa ndani. Juu pametanda theluji safi kama shuka la hospitali. Bibi zetu walipajua. Kila anayepita pale anapiga mtaimbo mara tatu mbele yake kabla ya kusogeza mguu. Marehemu alipajua kuliko sote, maana alipapima tangu 1984.

Tarehe 17 Aprili 2012 alifika pale saa tano asubuhi. Upepo ulikuwa mkali, meno ya keekee yamekuwa butu, na Fenwick alikuwa anamhimiza kwa redio kwamba ndege yenye mashine yao ya kupimia itapita juu saa sita kamili na namba zote ziwe tayari. Shimo la thelathini lilikuwa limempa mia na kumi na nane. Marehemu alisimama juu ya la thelathini na moja, akatazama theluji, akatoa daftari, akaandika mia na kumi na nane. Kisha akafungua chupa, akanywa chai.

Sijui niseme nini juu ya mtu wa namna hiyo. Mgeni angefanya hivyo ningecheka. Lakini mtoto wa Ulaajuk, aliyefundishwa mtaimbo kabla ya kijiko, aone aibu ya keekee butu asione aibu ya uongo! Na chai yenyewe alikuwa na ya kutosha vikombe viwili.

Namba ile ilikwenda kusini, ikatumiwa kulifundisha jicho, na mwanzoni mwa Mei ramani ikaja ikabandikwa ukutani pale duka la ushirika, katikati ya bei za unga na tangazo la kwaya. Bluu nzito maana yake barafu nene. Bluu nzito ilipita moja kwa moja juu ya mkondo, imetulia kabisa. Na watu wetu, watu wenye mitaimbo nyumbani, wakaanza kusoma ukuta. Nawadharau hao pia, na wengine wao mmeketi mbele.

Tarehe 9 Mei Miali Aaluk, wakati huo binti wa miaka ishirini na miwili, alivuka kwenda Siuraq na mbwa saba wa baba yake. Mtaimbo alikuwa nao, umefungwa nyuma ya sleji. Barafu ikafunguka chini ya mbwa. Wale saba walikuwa kamba moja, wa kwanza akamvuta wa pili, wakaenda chini ya barafu wote wakilia. Miali alitoka kwa kisu, akikikita kwenye barafu na kujivuta. Alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Tulipata kitu cha kutukana, jamani. Wiki nzima tuliitukana setilaiti dukani, kanisani, kwenye foleni ya mafuta. Fenwick alitoa pole kwa redio. Alisema kila chombo kina kiwango chake cha kukosea. Hiyo ndiyo ilikuwa rambirambi. Hakuna hata mmoja aliyemfikiria marehemu, na angenyamaza tungemzika leo kwa sifa.

Jioni moja, nikiwa nimeketi kwa kina Miali nakunywa mchuzi, aliingia. Hakuvua koti. Alimwekea Miali daftari mapajani.

"Soma mstari wa thelathini na moja."

"Mzee, nina maumivu, sitaki kusoma."

"Soma."

"Mia na kumi na nane."

"Hilo shimo sikulichimba."

Miali alimwangalia. "Hukuchimba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama juu yake. Nikinywa chai."

Miali aliokota kiatu, cha ule mguu uliobaki na vidole vyake vyote, akamtupia. Kilimpata sikioni. "Toka! Toka na chai yako!" Akatoka. Daftari aliliacha palepale mapajani, kila atakayeingia ajisomee mwenyewe.

Kesho yake aliita kusini kwa redio, sikio likimwaka bado, akataka namba ile ifutwe. Nilikuwepo. Fenwick alimwambia kwa upole, kama unavyomwambia mtoto, "Rafiki yangu, shimo moja kati ya arobaini halibadilishi wastani."

Marehemu akasema, "Mbwa saba hawakuzama kwenye wastani."

Mbele yenu nakiri kwamba hilo ni neno pekee la maana nililomsikia akisema katika miaka sabini na sita. Waliifuta. Ilichukua mwaka mzima na ikaleta mistari miwili ya maandishi madogo. Kwa siri walimshauri asitangaze, ataharibu jina la kazi. Yeye alikuwa ameshatangaza kwa kijiji kizima, na sikio lake lilikuwa ushahidi.

Mimi ndiye niliyempa jina la Mia na Kumi na Nane. Nilimtungia na wimbo, nikauimba ukumbini Krismasi ile, watu wote wakiwa wameshiba nyama ya kulungu: kwamba kuna mtu ana shimo angani, shimo halina maji, akivua humo anapata chai. Watoto walianguka chini kwa kucheka. Kwa desturi mtani hujibu kwa wimbo wa kunitukana mimi, na nilikuwa na mengi ya kutukanwa. Alisimama, akakohoa, akaimba wimbo wangu uleule toka mwanzo, akaongeza ubeti mbaya kuliko wangu wote, wenye majina ya mbwa saba, mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka ubeti huo. Nilimchukia usiku ule. Utani una mipaka, na yeye hakuniachia pa kuingilia.

Tangu mwaka uliofuata, kila Jumamosi ya masika, alikwenda peke yake kulichimba la thelathini na moja, akarudi akaandika namba kwa wino mweusi ukutani pale dukani, kando ya ramani. Arobaini na moja. Thelathini na tisa. Aliacha kazi ya chuo mwaka 2016, ukuta hakuuacha. Meneja alipaka rangi, yeye akaandika juu ya rangi. Vijana walipita wakisema, "Huyo Mia na Kumi na Nane anajisafisha." Lakini niliwaona wanasoma kwa pembe ya jicho kabla ya kwenda Siuraq, wajinga wale, na tangu hapo hakuna aliyezama.

Oktoba 2022 mapafu yake yalianza kushindwa. Alipelekwa kusini hospitalini, wakampima kila kitu, akafurahi sana kwa namba. Februari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Kama mjuavyo, makaburi tunayachimba Septemba kabla ardhi haijakuwa chuma, na Septemba iliyopita yalichimbwa matatu. Nilimwambia, "Mtani, chagua mapema, la kati lina upepo mdogo." Akauliza, "Yana kina gani?" Nikamwambia akapime mwenyewe. Akacheka mpaka Ilisapi akanifukuza.

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Nilikuwa nimekaa kitandani, upande wa miguu. Aliniita kwa mkono.

"Thelathini na moja," akasema.

Mimi sijawahi kutoboa barafu kwa ajili ya namba, na nilikuwa nimeapa sitafanya upumbavu huo. Lakini Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimechukua keekee yake.

"Hamsini na mbili," nikamwambia.

"Ulichimba kweli?"

"Nilichimba, mpumbavu wewe. Mgongo unaniuma mpaka sasa."

Akafumba macho. Hakusema tena.

Jioni hiyohiyo Ilisapi alianza kutafuta mwili wa jina. Watoto wachanga hapa kijijini ni wawili. Alikwenda kwa Suusa, na mkate wa kukaanga chini ya koti. Suusa akala mkate, akasema, "Bibi, nakuheshimu, ila jina huja na tabia zake. Huyu wangu ataandika mashimo asiyochimba." Alikwenda kwa Jiini. Jiini akasema wamekwisha kumpa mtoto jina la mcheza magongo wa kwenye runinga. Sawa. Mtoto wa watu ataitwa kwa jina la mtu aliye hai, asiyemjua, aliyeng'oka meno ya mbele. Hao ndio wanaoogopa aibu ya marehemu. Ilisapi alirudi nyumbani akakaa na koti lake. Jana asubuhi akaniambia, "Tukimfukia kesho bila mtoto, atabaki nje." Nilimwambia maji yamechemka.

Tulikuwa jikoni kwake, wanawake sita wanakata samaki, Suusa akiwemo, simu ilipolia kutoka hospitali ya Iqaluit. Ilisapi aliiweka mezani kwa spika maana mikono ilikuwa na mafuta.

"Bibi, ni Miali. Unanisikia?"

"Nakusikia. Na jiko zima linakusikia."

"Afadhali wasikie. Nimejifungua jana, saa tisa. Msichana. Nataka lile jina."

Kisu cha Suusa kilisimama. "Miali! Wewe? Na vidole vyako?"

"Vidole ni vyangu, Suusa, wewe hesabu vyako. Bibi, nisikilize. Ramani haijawahi kuja nyumbani kwangu. Yule dakta hajaja. Lile jicho la juu halijaja. Alikuja mtu mmoja, na daftari mkononi, na hakuna aliyekuwa anamshuku. Mimi nataka mtoto wa hivyo. Akinidanganya, nitajua atarudi kuniambia."

Ilisapi alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Na akinywa chai juu ya shimo?"

"Kiatu cha pili bado ninacho."

Wanawake walicheka, na Ilisapi akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akiiinamia simu. Kisha akaomba asogezewe mtoto. Tukasikia pumzi, na kelele moja kama ya ndege wa baharini. "Mume wangu," Ilisapi akasema, kama desturi inavyotaka aitwe aliyepokea jina, "umekula?"

Basi jina limepata mwili na ninaweza kulitamka. Kautaq. Juanasi Kautaq. Kautaq. Itikieni na ninyi, msikae kama nguzo.

Juanasi Kautaq ameacha mjane, Ilisapi, watoto watatu, Ulaajuk, Tiivi na Saila, wajukuu saba, keekee moja, meno butu, na mtani wake, Paulusi Aiviq, aliyeandika haya. Mwili wake ulale kwa amani kwenye kaburi la kati, ambalo Tiivi amelipima, mita moja na sentimita themanini, na amelipima kweli.

Ameacha pia Kautaq, mwenye umri wa siku mbili na kilo tatu na robo, anayefika Jumatatu kwa ndege. Miali ametuma picha. Kautaq, nimekutazama vizuri: huna shingo, huna nywele, na uso wako ni wa sili aliyeamshwa kwa teke. Jumatatu nitakuwa uwanjani nikusubiri, nikwambie mengine.